Waridi la jangwa Mwanza linauawa na ndoo, si na jua

Ndugu Mhariri,

Dada wa Nyegezi aliyelalamika kwenye ukurasa wenu wa barua kwamba waridi lake la jangwa limeoza, ingawa alilimwagilia asubuhi na jioni kama makala yenu ya bustani ilivyoelekeza, anastahili kujibiwa. Nilingoja aliyenizidi elimu amjibu, sikumwona. Basi nimjibu mimi. Lilioza kwa sababu alilimwagilia asubuhi na jioni.

Mimi ni mtunza bustani. Kazi yangu iko Capri Point, kwenye nyumba yenye uwanja wa majani unaotosha watoto kuchezea mpira, na kulala nalala Igogo, juu kwenye mawe. Kule kazini pampu inavuta maji mwenye nyumba akitaka na asipotaka. Huku kwangu dumu likishapanda mpaka mlangoni bei yake ni mara mbili ya pale bombani, na simlaumu anayelibeba, maana magoti ni yake. Kwa hiyo maua nayaona pande zote mbili: yanayokufa kwa kiu na yanayokufa kwa kushiba. Kwa waridi la jangwa, vifo karibu vyote nilivyovishuhudia vilikuwa vya kushiba.

Sina ugomvi na mwandishi wa makala. Huenda alikuwa akifikiria mawaridi ya kawaida, au mchicha. Lakini msomaji aliyenunua mche kwa hela yake hasomi mawazo ya mwandishi, anasoma kilichoandikwa.

Tuelewane kwanza ni mmea gani, maana kwenye vitalu vya barabarani jina hubadilika kadiri unavyotembea. Nauzungumzia ule wenye shina lililovimba chini kama guu la tembo, matawi manene mafupi, majani yamejikusanya kwenye ncha, na ua la petali tano, mara jekundu, mara la rangi ya waridi linalopauka kuelekea katikati. Wataalamu wanauita Adenium obesum, vitabu vya miti vina jina la mdagu, wauzaji wetu wanasema deseti rozi. Watu wengi wanadhani umeletwa kwa meli kutoka Thailand. Ni kweli Wathai wameuendeleza wakapata maua ya kila rangi, yakiwemo yenye petali zilizopangana tabaka kwa tabaka, lakini asili yake ni ukanda wetu. Unaota wenyewe kwenye nchi kavu kuanzia Senegal, unapita Sudan na Somalia, unashuka Kenya na Tanzania, na unavuka bahari hadi Yemen na Oman. Ni mwenyeji.

Sasa hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Wakisikia jangwa wanadhani mmea haupendi maji. Unayapenda sana. Mvua za kwanza zikigonga, utauona unatoa majani kwa fujo, na shina lililokuwa limelegea linajaa na kukaza. Kinachouua ni kukaa ndani ya maji. Kule porini unaota kwenye changarawe na nyufa za mawe, mvua inanyesha, maji yanapita, mizizi inakunywa inachotaka na baada ya muda mfupi hewa inarudi. Ule unene wa shina ni ghala: umeweka akiba ya miezi. Mmea wenye ghala nyumbani hauhitaji kupelekewa posho asubuhi na jioni.

Na Mwanza si jangwa, ndugu zangu. Tunapata mvua inayozunguka milimita 1,000 kwa mwaka. Vuli inaanza Oktoba mpaka Desemba, Januari na Februari jua linapiga na mvua za hapa na pale, masika Machi mpaka Mei, kisha kiangazi chenyewe kuanzia Juni mpaka Septemba ambapo milima ya Mabatini na Igogo inakauka mpaka nyasi zinavunjika mkononi. Ukiangalia vizuri, hatari kwa waridi la jangwa haiko Agosti. Iko Aprili. Mwezi wa nne wingu linashinda, udongo haukauki, na mwenye ua bado anamwagilia kwa sababu amezoea. Baridi haitusumbui. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku hupoa, ila hatufiki kwenye ule ubaridi wa chini ya nyuzi 10 unaouumiza mmea huu. Wenzetu wa Njombe waandike barua yao.

Kazini kwangu kulitokea hivi. Niliporuhusiwa kwenda kwetu kuuguza mzazi, kijana aliyeshika nafasi yangu aliona yale mawaridi ya jangwa ya barazani yameangusha majani. Ilikuwa Julai. Akawahurumia. Akachukua mpira wa maji akawa anawanywesha kila siku, na mama mwenye nyumba akafurahi kuona kijana ana bidii. Niliporudi, makubwa mawili yalikuwa yamesimama vizuri tu, ukiyatazama kwa mbali huoni kitu. Nikabonyeza shina kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ndani kulikuwa na uji wa kahawia na harufu ya pombe iliyochacha. Yule kijana hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuna aliyemwambia kwamba kuangusha majani wakati wa kiangazi ni usingizi wa mmea. Mara nyingi ukiuacha ulale, maua yake mazuri kuliko yote yanakuja mwishoni mwa kiangazi, matawi yakiwa matupu bado bila jani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua kijiti kikavu cha mshikaki, kichomeke mpaka chini ya chungu, subiri kidogo, kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umeng'ang'ania, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia, na ukimwagilia mwagilia kweli, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini. Hii ya kunyunyizia kikombe kimoja kila siku ni mbaya kuliko zote, kwa sababu juu kunakuwa kumelowa, chini mizizi haijui lolote, au ni kinyume chake, chini kumetuama na juu kumekauka na wewe unaongeza. Kwenye kiangazi, chungu cha wastani kilicho juani nakimwagilia baada ya wiki moja hivi. Masika, kama kiko nje, sikimwagilii kabisa, na vile vyungu vidogo navisogeza chini ya upenu. Waridi lililopandwa ardhini kati ya mawe na kushika, unaweza kulisahau. Kwangu liko moja kwenye ufa wa jabali nyuma ya choo, na maji linayopata kutoka kwangu ni ya kunawia mikono tu.

Visahani! Naomba Mhariri uniruhusu nilie na visahani. Watu wananunua chungu kizuri, wanakiweka kwenye kisahani ili sakafu isichafuke, na kisahani kinajaa maji wiki nzima. Hapo umeshamfunga mfungwa miguu ndani ya dimbwi. Ukitaka kisahani, mwaga maji yaliyobaki baada ya nusu saa. Na chungu kisicho na tundu, hata kiwe cha bei gani, ni cha kuwekea maua ya plastiki.

Nije kwenye udongo, maana hapa Mwanza tuna bahati ambayo hatuitumii. Mji wetu ni mawe. Kila kona ya mlima kuna akina mama na vijana wanaoponda mawe kupata kokoto, na chini ya mafungu yao hubaki zile chenga ndogondogo ambazo mjenzi hazitaki. Hizo ndizo dhahabu yangu. Naziosha vumbi lake liondoke, kwa sababu vumbi la jiwe likilowa linaganda na kuziba. Jiwe letu la matale halina chumvi na haliozi. Nachukua sehemu mbili za chenga hizo, sehemu moja ya udongo wa luseni, ule wa kichanga wa vilimani ambao kila Msukuma anaujua, na sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kugeuka jivu. Maganda yanapatikana bure kwenye mashine za kukoboa, wenye mashine wanakushukuru ukiyaondoa. Ukikosa, chenga za mkaa zinafaa. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaolimiwa mpunga huko Magu na Misungwi, usiuguse. Ni mzuri kwa mpunga kwa sababu ileile inayoufanya uwe mbaya kwa ua hili: unashika maji na hauachii.

Kuna wanaokwenda kuchota mchanga ufukweni. Ni kweli ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo mchanga wake hautaunguza mizizi kama wa baharini kule Dar es Salaam. Lakini ni laini mno, ukishindiliwa na maji unakuwa sakafu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ulinzi wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukingo wetu umeshachotwa vya kutosha na wenye malori. Ua la mtu mmoja halihitaji ufukwe wa watu wote.

Kuhusu samadi nina ushuhuda wa nyumbani. Mimi ni Mkara. Kisiwa chetu cha Ukara ni kidogo, watu tumejazana tangu enzi za mababu, na tumeishi kwa sababu ng'ombe walifungwa ndani, wakakatiwa majani, na samadi yao ikapelekwa shambani bila kupotea hata kidogo. Mkara kuambiwa apunguze samadi ni tusi. Hata hivyo naandika: kwa waridi la jangwa weka konzi moja ya samadi kuukuu iliyokwisha kuoza kwa kila chungu cha lita 10, mara moja kabla ya vuli na mara moja kabla ya masika, basi. Mbichi itaunguza mizizi na kuleta funza. Na ile mbolea ya kukuzia, yurea, waachie wa mahindi. Ukiitia hapa utapata majani marefu ya kijani iliyokolea, shina jembamba, na maua hakuna, halafu utakuja kusema umeuziwa dume.

Jua linataka la kutosha, saa sita kwa siku na zaidi. Ua la sebuleni, hata likiwa karibu na dirisha, linarefuka kutafuta mwanga na kusahau kuchanua. Ila likitoka kivulini lisipelekwe moja kwa moja kwenye jua la saa sita mchana. Lizoeshwe kwanza kwa jua la asubuhi wiki moja au mbili, la sivyo ngozi ya shina inaungua upande mmoja, na pale palipoungua ndipo uozo unapoingilia.

Wadudu si wengi. Kuna vidukari vya njano vinavyojazana kwenye vitumba vya maua, vidung'ata vyeupe kwenye makutano ya matawi, na kiangazi kikizidi huja utitiri ambao huuoni kwa macho mpaka majani yamepauka. Maji ya sabuni ya mche, jioni, yanatosha kama umewahi. Yuko pia kiwavi mkubwa wa kijani mwenye alama mbili za buluu zinazofanana na macho, anaweza kumaliza majani yote usiku mmoja. Huyo naye usimtafutie dawa, mchukue kwa kijiti. Wale mijusi wetu wa miambani, madume yenye kichwa cha rangi ya waridi na kiwiliwili cha buluu, wanasaidia kula wadudu, na napenda kuwaona wakiota jua juu ya vyungu. Wataalamu waliwapa jina la mji wetu, Agama mwanzae, na watalii wanawapiga picha, wakati watoto wetu wanawapiga mawe.

Sasa sumu, na hapa nisomwe polepole. Ukikata tawi la waridi la jangwa hutoka utomvu. Utomvu huo unagusa moyo, kwa maana halisi ya kiungo: una kemikali zinazovuruga mapigo yake. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi huuchemsha mpaka unakuwa mzito na kuupaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Mmea unaoangusha mnyama porini haupandwi mahali mtoto anayetambaa anaweza kutafuna jani, wala mahali mbuzi wa jirani anapita kila asubuhi, na huku vilimani mbuzi wa jirani anapita kila mahali. Mimi langu liko juu ya jabali, na yale ya vyungu yako juu ya ukuta. Unapokata vaa glovu au mifuko ya nailoni mikononi, usipanguse jicho, osha kisu na mikono kwa sabuni. Kugusa jani tu hakuna madhara, nisije nikaonekana natisha watu.

Kwa kuwa nimetaja sumu, kuna ndugu yake wa karibu anayeota hovyo mitaani kwetu, yale maua madogo ya zambarau na meupe yanayojiotea kwenye nyufa za kuta na mitaro, vinka. Naye anavumilia ukame vizuri, na anafaa sana kwa mtu asiye na hela ya chungu, maana ukipata mche mmoja umepata mtaa mzima. Asili yake ni Madagaska. Kutoka kwake hutengenezwa vincristine na vinblastine, dawa wanazochomwa wagonjwa wa saratani, wakiwemo watoto wenye saratani ya damu. Kwa sababu hiyo wapo wanaochemsha majani yake wakanywa. Wasifanye hivyo. Dawa ya hospitali hupimwa kwa miligramu; kwenye sufuria yako hujui umekunywa nini.

Nirudi kwa dada wa Nyegezi. Hakusema shina limeoza mpaka wapi, na hilo ndilo linaloamua. Aung'oe mmea, autikise udongo wote, akate kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto sehemu yote laini, aendelee kukata mpaka aone nyama nyeupe safi isiyo na hata nukta ya kahawia. Wengi wanakata kwa huruma, wanabakiza kidogo, na kidogo hicho kinamaliza kilichobaki. Kisha apake unga wa mkaa kwenye jeraha na auning'inize mmea kivulini, mahali penye hewa, wiki nzima au zaidi mpaka kidonda kikauke kiwe kigumu. Ndipo aupande kwenye mchanganyiko mkavu, na asitie maji kwa wiki nyingine. Itamuuma. Avumilie.

Ikiwa shina lote limekwisha, aangalie matawi ya juu. Tawi zima lenye urefu wa kiganja likikatwa, likaachwa kivulini siku chache mpaka ncha ikauke, litashika mizizi kwenye chenga zenye unyevu kidogo. Litachanua mapema. Kitu kimoja tu ajue, tawi halitoi lile guu nene zuri. Guu nene linatoka kwenye mbegu.

Na mbegu nazo zina hadithi. Ua likipata chavua hutoa maganda mawili marefu yaliyoungana chini, yanafanana na pembe. Kwetu hapa hayatokei mara nyingi kwa sababu chavua imefichwa ndani kabisa ya koo la ua na wadudu wetu wachache wanaifikia. Unaweza kuisaidia kwa brashi nyembamba ya rangi, ukitoa chavua kwenye ua la mmea mmoja na kuipeleka kwenye ua la mmea mwingine. Maganda yakishatokea yafunge uzi, mwanzo, katikati na mwisho. Usipofunga, siku yatakapopasuka kila mbegu ina kishungi cha nywele huku na huku, na kwa upepo wetu wa ziwani utazitafuta Kirumba. Mbegu mpya ukizilaza juu ya chenga zilizolowa na kuzifunika kidogo tu, huota ndani ya wiki moja hivi. Mbegu ya mwaka jana usitegemee sana. Kila unapohamisha mche kwenda chungu kikubwa, uinue kidogo, mizizi minene ibaki nje kiasi cha upana wa kidole. Hapo ndipo guu linapotengenezwa, taratibu, mwaka hadi mwaka.

Wapo waliokuja kwangu wakidai wametapeliwa: walinunua lenye maua mekundu ya tabaka, baada ya masika mawili likatoa maua mepesi ya waridi. Hawakutapeliwa. Yale mazuri mara nyingi hubebeshwa juu ya shina la kawaida lililooteshwa kwa mbegu. Chipukizi ikitoka chini ya pale palipounganishwa ni ya yule wa chini, nayo ina nguvu kuliko mgeni aliyebebwa. Ikatwe ikiwa changa. Ukiiachia, inachukua nyumba.

Na mtu akikupa bei nafuu ya kubwa la ajabu, lenye shina la kukumbatia na mizizi iliyokatwa kwa panga, uliza limetoka wapi. Miti hiyo huchukua miaka mingi kufikia unene huo, na iking'olewa porini mingi hufia kwa mnunuzi. Anunue mche wa mbegu, awe na subira.

Nimesikia pia hoja kwamba tupande chochote kinachovumilia jua, ilimradi kilima kichanue. Hapana. Ziwa letu lina mfano wa ua zuri la zambarau lililotoka Amerika ya Kusini na kusifiwa kwa urembo. Magugu maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa yameshaonekana katika Ziwa Victoria, na waliokuwa wavuvi miaka ya 1990 wanakumbuka mialo iliyozibwa mtumbwi usiweze kutoka. Mpaka leo tunayavuta kwa mikono na mashine, na wadudu wa kuyala walilazimika kuletwa. Huku juu mlimani tuna mlantana, nao ni ua zuri, unavumilia ukame, ndege wanausambaza, na ukishaingia kwenye malisho hautoki. Waridi la jangwa halina tabia hiyo. Pale ulipolipanda ndipo litakapokuwa. Mshubiri vilevile, unatulia, unatoa maua mekundu wakati wa ukavu na ndege chozi wanaufuata. Hiyo miwili ukiipanga kwenye nyufa za jabali umemaliza bustani, na ndoo zako ukabaki nazo kwa kupikia.

Neno kwa wanaopewa zabuni za kupamba barabara, bila kutaja mtu. Nimeona miche ikipandwa mwezi wa sita, kwenye kifusi chekundu kilichoshindiliwa na greda, halafu gari la maji linapita wiki za mwanzo picha zikipigwa, kisha halionekani tena. Kama fedha ni ya kununua mimea inayovumilia ukame, inunuliwe, ila ipandwe mwanzoni mwa vuli, kwenye chenga, pakiwa na mfereji. Mmea wa ukame nao unahitaji msimu mmoja wa kushika mizizi. Waulizeni watunza bustani, tuko wengi mji huu na hatutozi ushauri.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo. Makala ya bustani ikisema mwagilia, iseme na kwa udongo gani, na iseme imeandikwa kwa mvua za mkoa gani, maana mwezi wa tano wa Mwanza si mwezi wa tano wa Dodoma. Na dada wa Nyegezi asitupe chungu chake. Akigeuze kwanza aangalie chini: tundu liwe la kupitisha kidole gumba. Kama ni la kupitisha msumari, na chungu ni cha plastiki, achome mengine matatu kwa chuma cha moto kabla hajapanda kitu.

Wabeja sana.

Mtunza bustani,
Igogo, Mwanza